Nilivyomsaidia mdogo wangu alipokuwa na mawazo ya kujiua

Ninawaandikia hasa kaka na dada wa watu wanaovutiwa na jinsia yao au waliobadili jinsia, kwa sababu mara nyingi mzazi anapofunga mlango, ndugu ndiye anayebaki. Mdogo wangu ni kijana wa kiume anayependa wanaume wenzake. Baba alipolijua jambo hilo alimwambia asijihesabu tena kuwa mwanawe, na baada ya hapo nikamwona akikosa usingizi, akiacha kupokea simu za marafiki, na hatimaye akianza kugawa vitu alivyokuwa akivipenda.

Huko kugawa vitu ndiko kulikonifanya nisisubiri tena. Nilimwita chumbani kwangu, nikazima simu, nikamuuliza bila kuzungukazunguka: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kulitamka neno hilo wakidhani kwamba watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, ilhali Shirika la Afya Duniani limeeleza mara kwa mara kwamba kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kujiua, bali kunaweza kumpunguzia wasiwasi na kumpa nafasi ya kusema. Alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu, "Ndiyo, dada. Karibu kila usiku." Sikumhubiria wala sikumkumbusha jinsi mama atakavyoumia, kwani mtu aliye katika hali ile tayari anajiona mzigo. Nilimuuliza kama amekwisha kupanga namna ya kufanya hivyo, na aliponijibu, tuliondoa pamoja kila kitu cha hatari kilichokuwa karibu naye, na usiku huo hakulala peke yake.

Kilichonipa mwelekeo katika siku zilizofuata ni kuelewa hatari hiyo inatoka wapi. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alifafanua kwamba watu wanaovutiwa na jinsia yao hubeba msongo wa ziada unaotokana na kubaguliwa, kuishi wakitarajia kukataliwa, kuficha nafsi zao, na hatimaye kuanza kuyaamini matusi wanayotukanwa. Mwaka 2009, Caitlin Ryan na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani ulioonyesha kwamba vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa kuripoti kwamba walijaribu kujiua mara 8.4 zaidi ya wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Kwangu maelezo hayo yalikuwa na maana moja: kilichohitaji kurekebishwa ni nyumba yetu, si mdogo wangu.

Kumpata mshauri nasaha kulikuwa kazi nzito. Nilipiga simu sehemu kadhaa bila kutaja jina lake, nikauliza watampokeaje kijana wa namna hiyo na kama siri yake italindwa, swali ambalo si dogo katika dunia yenye nchi zaidi ya 60 zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Mmoja alinijibu kwa upole kabisa kwamba "watamnyoosha". Nilimshukuru, nikakata simu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na mwaka 2012 Shirika la Afya la nchi za Amerika lilitamka wazi kwamba tiba zinazodai kumbadilisha mtu hazina msingi wa kitabibu na zinahatarisha afya yake. Mtu ambaye tayari anajichukia asipelekwe kwa anayemwongezea sababu za kujichukia, hata kama anayefanya hivyo ana cheti ukutani.

Mshauri tuliyempata hatimaye alitufundisha kuandaa mpango wa usalama, utaratibu uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja tu, lakini huandikwa kwa maneno ya mhusika mwenyewe. Chini ya dalili za hatari mdogo wangu aliandika: "nikianza kufuta picha zangu" na "nikimwambia dada niko salama kabla hajaniuliza". Mstari huo wa pili nisingeweza kuubuni, na ndio uliokuja kunizindua usiku mmoja. Baada ya dalili aliorodhesha mambo ya kumtuliza akiwa peke yake, kisha watu wa kukaa nao, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na mwisho namna ya kufanya mazingira yake yawe salama. Miongoni mwa watu wake aliandika rafiki ambaye wakati wa kuzaliwa alitajwa kuwa msichana na ambaye anaishi kama mwanamume. Kwetu tunamwita kwa jina alilojichagulia. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, na utafiti wa mwaka 2018 ulioongozwa na Stephen Russell ulionyesha kwamba vijana waliobadili jinsia walikuwa na mawazo machache zaidi ya kujiua kadiri jina lao walilochagua lilivyotumika mahali pengi zaidi.

Kuhusu mama, nilimwachia mdogo wangu aamue, kwa kuwa siri ni yake. Alipokuwa tayari aliniomba nikae pembeni yake wakati anamwambia. Mama alilia, akauliza maswali mengi, lakini hakumfukuza, na sasa namba yake imo kwenye ile karatasi. Baba nilimwendea peke yangu, kwa ruhusa ya mdogo wangu, nikiwa na ombi moja. "Baba, sikuombi ukubaliane naye leo," nilimwambia. "Ninakuomba uache kumwambia maneno yale, kwa sababu yanaweza kumuua." Hajabadili msimamo wake, lakini maneno yale ameyaacha, na mdogo wangu amerudi kulala vizuri. Bado anaonana na mshauri, na mimi bado ninamuuliza swali lile lile kila ninapoiona mojawapo ya dalili alizoziandika.