Vyombo vya DJ nyumbani Lubumbashi: anza na ukuta

Anayetaka kujifunza kupiga muziki nyumbani huuliza kwanza kontrola gani inunuliwe (mashini ya DJ inayoendesha programu ya muziki kwenye laptopu). Swali hilo lina jibu fupi, tutalifikia. Kwa mtu wa Lubumbashi swali la kwanza ni jingine: tundu la umeme la ukutani kwako linatoa volti ngapi saa moja ya jioni, na je, lina waya wa ardhi?

Tafuta mita ndogo ya umeme, iweke upande wa volti za AC, kwenye 600 au 750. Pima asubuhi, pima mchana, kisha pima jioni wakati parseli (nyua) zote za mtaa zimewasha majiko ya umeme. Panapotakiwa 220 unaweza kukuta 180, hata 160. Chaja ya laptopu haijali, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Soma maandishi nyuma ya bafle, yaani spika: zikisema 230 peke yake, volti 160 zitazifanya zikwaruze au zijizime zenyewe.

Ila umeme mdogo si adui mkubwa. Adui ni umeme unaorudi. Delestaji (mgao wa umeme) ikiisha, friji na pampu za mtaa mzima zinaamka kwa pamoja, volti zinashuka na kupanda kama bembea. Umeme ukikatika, chomoa fishi (plagi) kuu, usitosheke na kuzima vitufe. Ukirudi, hesabu dakika 5 kabla ya kuchomeka. Stabilizateri (kifaa cha kusawazisha volti) ya VA 1000 inatosha vyombo vyote vya chumba, lakini iweke mbali na kebo za sauti, mita moja na zaidi, kwa sababu transfoma yake inatoa mvumo unaoingia kwenye kebo bila kugusana nazo.

Kuhusu fishi. Vyombo vingi vinatufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vikiwa na fishi ya Kizambia ya meno 3 bapa, yenye fyuzi ndani yake. Ukuta wetu ni wa matundu 2 ya duara. Adapta za bei ya chini zinazouzwa kando ya barabara zinapitisha nyaya 2 tu, ule wa ardhi unaishia hewani. Matokeo yake unayasikia kwa vidole: ukigusa chuma cha laptopu au skrubu ya kontrola, kuna kitu kinakuchezea ngozi kama sisimizi. Matokeo ya pili unayasikia kwa masikio, ule mvumo wa chini usiokoma, hezi 50 na 100.

Dawa ni ralonji (waya wa kurefushia umeme) moja nzuri yenye waya wa ardhi, na kila kitu kichomekwe hapo: laptopu, bafle mbili, taa. Bafle moja kwenye tundu la sebule na nyingine kwenye tundu la chumba ni kuualika mvumo. Kama nyumba haina ardhi kabisa, mwite fundi umeme apige fimbo ya shaba ya mita 1.5 au 2 nje ya dirisha. Udongo wetu mwekundu ukikauka Julai na Agosti haupitishi umeme vizuri, basi mwaga ndoo ya maji hapo mara kwa mara. Mtu asikushauri kukata jino la ardhi ili mvumo uishe. Utaisha, ndiyo, na siku waya utakapogusa chuma ndani ya bafle, njia ya umeme itakuwa mkono wako.

Hapa pana kichekesho: tuko mji wa shaba, na nusu ya ralonji zinazouzwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Menya ncha ya waya, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ya uongo inageuka nyeupe, na ukiukunja uzi mara kadhaa unakatika kama kijiti kikavu. Waya huo unapata moto kwenye maungio, unalegea, kisha unaanza kutoa cheche ndogo ambazo kwenye bafle zinasikika "tá, tá". Watu wanabadilisha kontrola kwa kosa la ralonji.

Batri

Kwa siku za giza hesabu yake ni rahisi. Laptopu inavuta wati 65 ikiwa inachaji. Kontrola ndogo inakula wati 2 au 3 kutoka USB. Bafle 2 za inchi 5 hazipiti wati 45 kila moja, na kwa sauti ya chumbani zinavuta chini ya nusu ya hiyo. Sema wati 100 kwa jumla. Batri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1200, lakini ukishusha chini ya nusu kila siku itakufa kabla ya mwaka kuisha. Zinabaki 600. Onduleri, kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani, yenyewe inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Ni saa 5.

Onduleri iwe ya wimbi safi. Zile za bei ndogo zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, na bafle zinaimba "zzzz" hata muziki ukiwa umesimama. Hakuna kebo itakayokuponya hapo. Kwa onduleri ya wati 300, batri ikishuka hadi volti 11 ampea zinakaribia 32, kwa hiyo waya uwe wa milimita za mraba 10, mfupi kuliko mita moja, na fyuzi ya ampea 40 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya batri. Si karibu na onduleri. Waya ukichubuka kati ya batri na fyuzi, fyuzi haisaidii chochote.

Kontrola na kebo

Sasa jibu fupi. Kontrola ya chaneli 2 yenye kadi ya sauti ndani inatosha kwa miaka. Pioneer DDJ-FLX4 ni mfano mzuri: inakula umeme wa USB, inafanya kazi na programu za DJ za rekordbox na Serato, ina tundu la mikro (maikrofoni) la milimita 6.35. Kaka yake wa zamani, DDJ-400, bado anafanya kazi vizuri ukimpata kwa mtu anayeuza, ila jaribu kila kitelezi kwanza: kisogeze taratibu huku muziki ukipiga, ukisikia mkwaruzo au sauti ya upande mmoja ikipotea, shusha bei au ondoka. Zungusha jogi (gurudumu la juu) kwa kidole kimoja, likikwama mahali, limewahi kuanguka.

Ikwepe kontrola isiyo na kadi ya sauti. Utalazimika kutumia tundu moja la laptopu kwa bafle na kaski (hedfoni) pamoja, na bila kusikia wimbo unaofuata kwenye kaski peke yako, wewe unabadilisha nyimbo tu, hujachanganya.

Kaski iwe ya kufunika sikio lote. Ya Bluetooth, hapana. Inachelewa kama milisekunde 100 hadi 200, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika pigo moja ni milisekunde 500. Huwezi kulenga kitu kinachofika kimechelewa hivyo.

Kebo ndipo pesa kidogo inaharibu pesa nyingi. FLX4 inatoa sauti kuu kwa RCA, nyekundu na nyeupe. Bafle kama Yamaha HS5 hazina RCA, zina kanoni (XLR) na jeki ya 6.35. Unahitaji basi kebo 2 za RCA kwenda jeki mono, mita 3 zinatosha, 5 ndio mwisho, kwani RCA haina waya wa ziada wa kufuta mvumo na inauokota kadiri inavyorefuka. Jeki hiyo iwe na mstari mmoja mweusi, si miwili. Mara nyingi utamkuta mtu amechukua kebo ya stereo kutoka tundu la kaski na kuichomeka kwenye bafle moja yenye jeki ya mistari miwili. Gitaa zinasikika kwa mbali, maji-maji, na mwimbaji ametoweka. Bafle imeichukua kulia na kushoto kama ishara moja iliyogeuzwa, inatoa tofauti yao tu, na mwimbaji aliyeko katikati, pamoja na besi, vinafutana. Hakuna kilichoungua. Badilisha kebo.

Viwango vya sauti

Washa kwa mpangilio: laptopu, kontrola, bafle mwisho. Bafle zianzie sifuri. Chagua wimbo, nenda hadi pale seben (sehemu ya gitaa za kasi kwenye rumba) inapowaka na atalaku (mwenye kupiga kelele za kuchangamsha) ameingia, yaani sehemu yenye kelele kuliko zote, si mwanzo wa taratibu. Vitufe vya juu, kati na besi vyote katikati. Panda geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya chaneli mpaka taa ziwe kijani na rangi ya machungwa iguswe kwenye mapigo makali. Nyekundu isiwake. Sauti kuu iweke robo tatu. Ndipo upandishe bafle polepole mpaka chumba kikutoshe.

Watu hufanya kinyume: bafle zimeachwa chini au swichi ya nyuma ya kiwango cha ishara iko +4 wakati kontrola inatoa kiwango cha -10, sauti inakuwa ndogo, nao wanasukuma kontrola mpaka nyekundu. Tofauti ya viwango hivyo viwili ni karibu desibeli 12, si mchezo. Wimbi likikatwa kichwa linageuka la mraba, linabeba nguvu nyingi zaidi za sauti kali, na twita, ile spika ndogo ya sauti kali, ndiyo inayolipa. Twita zinazoungua vyumbani huuawa mara nyingi na nyekundu kuliko na nguvu.

Kwenye Windows weka draiva ya ASIO (inayopunguza kuchelewa kwa sauti) ya kontrola yenyewe. Bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 256 inachelewesha milisekunde 5.8 hivi, 512 inafika 11.6. Laptopu ya zamani ikitoa "krr krr", panda hadi 512, hutasikia tofauti kwa mkono. Zima hali ya kuokoa umeme ya USB, maana hiyo ndiyo inayoikata kontrola katikati ya wimbo bila kosa lako. Kontrola ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu, bila kigawanya USB.

Faili na rumba

Nyimbo za WhatsApp mara nyingi zinafika zimekwisha kubanwa zaidi ya mara moja. Kwenye simu hujui, kwenye bafle matoazi yanakuwa mchanga. Kuigeuza faili ya kbps 128 iwe 320 kunaongeza uzito tu. MP3 ya kweli ya 320 inakula MB 2.4 kwa dakika, wimbo wa dakika 5 ni MB 12, hivyo flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya nyimbo 2,500. Iformati kwa FAT32, kwani mashini nyingi za klabu hazisomi NTFS.

Na hapa ndipo mafunzo ya mtandaoni yanatuacha. Yametengenezwa kwa muziki uliopigwa na kompyuta. Amapiano ya mapigo 113 inabaki 113 mwanzo mpaka mwisho, unabonyeza sinki (kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili) na maisha yanaendelea. Rumba iliyorekodiwa na watu studioni inaanza polepole, inaongezeka mwendo ikikaribia seben, na mpiga ngoma akipata raha anaenda nayo. Programu inakadiria namba moja kwa wimbo mzima. Ikiandika 118 mahali mwendo ni 119, baada ya nusu dakika pigo la wimbo mmoja linaanguka katikati ya mapigo ya mwingine. Sinki inaonyesha kijani, chumba kinasikia farasi wawili wanakimbia.

Kwenye rekordbox badilisha uchambuzi uwe wa mwendo unaobadilika kabla ya kuchambua upya. Halafu fungua wimbo mwenyewe, tafuta pigo la kwanza la seben, weka alama hapo, sogeza gridi (mistari ya mapigo) ianzie hapo. Angalia pia kama namba imekatwa nusu: rumba ya pole husomwa 60 au 120 kwa programu ileile. Ukichanganya rumba mbili, zima sinki, tumia sikio na ukingo wa jogi, na ufupishe: baa 8 (mapigo 32) za kukutana zinatosha. Anayetaka kukaa dakika nzima juu ya rumba mbili za miaka ya 70 anajitafutia aibu.

Chumba

Meza ya kusimama iwe sentimita 90 hadi 95. Bafle zitengane mita 1.2, nawe ukae mita 1.2 kutoka kila moja, twita usawa wa sikio, nyuma ya bafle ibaki nafasi ya sentimita 30 kabla ya ukuta. Kwenye kona besi inavimba, utaipunguza kwenye kontrola, na siku ya kupiga nje muziki utakuwa hauna tumbo. Chini ya kila bafle weka kipande cha sponji ya godoro la zamani, kile kigumu. Mabati yasiyo na dari yanalia kwa noti moja ya besi. Piga besi, panda juu ya kiti, gusa mabati mpaka upate lile linalotetemeka, kaza msumari wake. Mvua ya Januari ikianza, acha kazi na uchomoe kila kitu, pamoja na waya wa antena. Radi haiji kwa waya wa umeme peke yake.

Kiangazi kina vumbi lake jekundu, jembamba kama unga, linaloingia kwenye vitelezi na kuvifanya vikwaruze. Funika kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki. Kitelezi kikianza kulia, tumia dawa ya kusafisha maungio ya umeme isiyo na mafuta, tone moja, sogeza mara 30, subiri ikauke. Mafuta ya kulainishia bawaba yatakipa raha ya wiki moja, kisha vumbi litagandamana humo.

Ukimaliza, zima bafle kwanza, kontrola baadaye. Ukigeuza, utasikia "pú!" moja nzito, na koni itaruka mbele kama imepigwa teke.