Nilivyohamisha karakana yangu ya risasi kutoka Colorado kwenda Wyoming

Naulizwa sana na Watanzania wenzangu imekuwaje mtu wa Morogoro akaishia kutengeneza risasi Marekani. Nawaelewa. Kwetu Morogoro risasi ni kazi ya shirika la Mzinga, na Mzinga ni ya jeshi. Mtu binafsi hata hawazi jambo hilo. Huku sheria inaruhusu raia, na hata mkazi wa kudumu mwenye green card, kuomba leseni na kufanya biashara hiyo kama biashara nyingine. Ukiwa na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sahau. Kisheria huruhusiwi hata kuwa na risasi mfukoni, ukiacha mianya michache kama ya mwindaji mwenye kibali.

Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kuchonga chuma kaskazini mwa Colorado. Nikaomba leseni ya shirikisho ya daraja la 06, ya kutengeneza risasi. Ada yake ni dola 30 kwa miaka 3. Wa bunduki zenyewe wanachukua daraja la 07, dola 150. Unajaza fomu, unatoa alama za vidole na picha, kisha mkaguzi wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, anakuja kukuona kwenye eneo lako la kazi. Ombi likikamilika, wana siku 60 za kuamua. Sehemu hiyo haikunisumbua. Mtu asikutishe kwamba leseni ndiyo mlima.

Mlima ulikuwa watu. Mwenye jengo alianza kusitasita kuniongezea mkataba, kampuni ya bima ikapandisha bei bila maelezo ya kueleweka, na kampuni iliyokuwa ikipokea malipo ya kadi za wateja wangu ikanifungia akaunti kwa barua pepe ya mistari mitatu. Halafu Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado wakapitisha kodi mpya ya asilimia 6.5 kwenye mauzo ya bunduki na risasi, ianze Aprili 2025. Kwa karakana ndogo kama yangu, yenye kaunta ya rejareja, kodi hiyo inakula karibu faida yote. Nikaangalia kaskazini. Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, iko chini ya saa moja kwa gari kupitia barabara ya I-25, na kampuni kubwa za silaha zilikwisha kuipita njia hiyo: Magpul walitangaza mwaka 2014 kwamba wanahamishia uzalishaji Wyoming, baada ya Colorado kuzuia magazini (vibebeo vya risasi vya bunduki) za zaidi ya risasi 15. Weatherby nao waliiacha California wakaenda Sheridan mwaka 2019.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapodanganyana. Jimbo rafiki halikupunguzii hata herufi moja ya sheria ya shirikisho. Leseni inafungwa na anwani, kwa hiyo nililazimika kuomba ibadilishwe kabla sijahamisha mashine hata moja. Ushuru wa asilimia 11 wa serikali kuu kwenye risasi uko palepale, uwe Wyoming au New York. Kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, fedha za ushuru huo zinakwenda kuhifadhi wanyamapori, jambo ambalo mimi, niliyekulia jirani na Mikumi, nalilipia kwa moyo mweupe. Mtengenezaji wa bunduki chache, zisizofika 50 kwa mwaka, anasamehewa. Wa risasi hasamehewi hata akiuza boksi moja. Fedha ya ushuru iweke kwenye akaunti ya peke yake siku hiyohiyo mteja anapolipa.

Kilichobadilika ni majibu ninayopewa. Ofisa wa mipango miji aliniuliza baruti nitaiweka wapi na mlango wa dharura utafunguka kuelekea upande gani, tukamaliza. Mkaguzi wa zimamoto aliingia na kurunzi yake, akapiga magoti kuangalia chini ya rafu, akanipa orodha ya marekebisho yenye akili. Benki ya pale mjini ilitaka kuona vitabu vyangu vya hesabu, basi. Na Wyoming haina kodi ya mapato, si ya mtu wala ya kampuni.

Ila Cheyenne ina mambo yake. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,800, na hewa yake ni kavu mno. Wakati wa baridi ukivua sweta unasikia cheche zinalia. Hebu fikiria cheche hiyo kwenye chumba cha baruti! Ndicho kitu cha kwanza nilichotumia fedha: mashine za kuongeza unyevu, mikeka ya kupeleka umeme ardhini, na pale mlangoni tumefunga bamba la shaba lililounganishwa na ardhi. Kila anayeingia analishika kwa kiganja kizima, asubuhi, baada ya chai, baada ya kutoka kujibu simu. Nguo ni za pamba tupu. Kaka mmoja kutoka Bukavu ninayefanya naye kazi ndiye mkali kuliko wote, amekwisha kunirudisha mimi mwenyewe mlangoni: "Mzee, shaba kwanza." Nikarudi, nikashika.

Risasi ina sumu pia, kwa maana ya madini yenyewe. Sakafu haifagiliwi kwa ufagio, inapigwa deki, kwa sababu vumbi la risasi likipaa unalivuta. Viatu vya kazi havitoki nje ya geti, na damu zetu zinapimwa. Nina watoto wadogo nyumbani. Hapo sibembelezani na mtu.

Na hakuna jimbo litakalokupa praima, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Kati ya wakubwa wanne wanaozitengeneza Marekani, watatu, yaani CCI, Federal na Remington, tangu Novemba 2024 wako chini ya kampuni ya Czechoslovak Group ya Ucheki. Wa nne ni Winchester. Soko likikaza, kama 2020 na 2021, wanajilisha wao kwanza. Kwa hiyo sishindani nao kwenye risasi za bei ya chini za milimita 9. Natengeneza za wawindaji wa elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) na swala wa hapa, mafungu madogo, na kila fungu napima kasi na shinikizo kwa viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, kabla halijatoka mlangoni. Wawindaji wanarudi, maana boksi la mwaka huu linapiga palepale lilipopiga la mwaka jana.

Wanaonipigia simu kutoka nyumbani wakitaka "niwatumie kidogo", jibu langu ni hapana. Kupeleka risasi nje kunahitaji leseni ya Wizara ya Biashara ya Marekani, na Tanzania ina sheria yake ya 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Anayetaka kwa halali aanze polisi, kwa msajili wa silaha, akishapata karatasi zake ndipo tuongee.