Friji ya Mama ndani ya Hiace

Mama anatumia insulini. Ndiyo maana safari zetu za Kondoa zilikuwa za mbio: tunatoka Arusha alfajiri na ndoo ya barafu, kesho yake tunarudi kabla barafu haijayeyuka. Nilipong'oa viti vya nyuma vya Hiace na kuweka kitanda, sikuwaza taa wala redio. Nilitaka friji ndogo ya volti 12, ya lita 40, ikae baridi siku nne hata tukilala porini.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Kaka, chukua N70 moja na paneli moja ya sola, umemaliza." Nikamsikiliza. N70 ni betri ya kuwashia gari: kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha alteneta iijaze. Mimi nilikuwa nainyonya usiku kucha. Haikumaliza miezi minne, na laki mbili na ushee zikaenda nayo. Ushauri huo bado unatolewa kila siku, na unaniudhi.

Kabla haijafa ilinikosesha usingizi Babati. Tulikuwa tumeegesha karibu na ziwa, viboko wanakoroma majini. Saa saba usiku friji ikalia, taa nyekundu. Nikazima, nikawasha, kompresa, yaani mota ya friji, ikajaribu kuzunguka, kimya tena. Nikapima betri: volti 12.3. Ilikuwa na umeme! Mama akaamka. "Mwanangu, dawa yangu iko salama?" Nikamjibu iko salama, na moyo unanidunda.

Nikapeleka mita kwenye soketi ya friji yenyewe, nikasubiri kompresa ianze kuvuta. Volti 11.0. Volti moja na zaidi ilikuwa imepotelea njiani! Nikaufuata waya kwa tochi: waya wa nyumbani, milimita 1.5, umezungushwa ubavuni mwa gari mita saba kwenda na saba kurudi. Kompresa ikivuta, volti zinashuka, friji inadhani betri imeisha na inajizima. Nikaifungua betri, nikaibeba hadi miguuni mwa friji na kuiunga kwa waya usiozidi nusu mita. Ikanguruma mpaka asubuhi. Nilikaa sakafuni nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua.

Tuliporudi nikanunua waya wa milimita 6 na betri ikabaki palepale kando ya friji. Betri ya sasa ni lithiamu ya ampea-saa 100, ilinitoka karibu milioni. Fyuzi iko kwenye chanya ya betri, si mwisho wa waya, maana waya ukigusa bodi kabla ya fyuzi, fyuzi haitakusaidia. Kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, unaunga betri kwanza, paneli baadaye. Niliambiwa lazima ninunue kontrola ya bei mbaya; kwa paneli mbili ndogo zilizoungwa sambamba, ya kawaida yenye mpangilio wa lithiamu imenitosha kabisa.

Paneli nilizinunua saa sita mchana na mita mkononi. Muuzaji akanionyesha moja yenye lebo ya wati 150, akapima volti: 21. "Umeona? Nzima." Volti hazisemi kitu, hata paneli dhaifu inazitoa. Nikahamishia mita kwenye ampea, nikaunga waya mbili za paneli moja kwa moja kwenye mita: 3.4. Akasema jua limefifia. Nikailaza ya wati 100 pembeni yake, jua lilelile: 5.7. Nikachukua mbili za namna hiyo na sikubishana zaidi.

Video za Ulaya zinasisitiza uinamishe paneli. Arusha tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini. Zangu zimelala bapa kwenye keria, nimeacha nafasi ya vidole vinne chini yake hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka inatoa umeme kidogo. Vumbi nalifuta asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Na usiegeshe chini ya mti! Tawi moja la mgunga liliwahi kunishusha kutoka ampea 9 hadi 2. Sasa gari linakaa juani, sisi tunakaa chini ya turubai nililolifunga ubavuni.

Mwezi wa saba mawingu ya Meru hayaondoki, jua pekee halitoshi. Hapo nategemea chaja inayochukua umeme wa alteneta na kuupeleka kwenye lithiamu kwa kipimo. Usiunge moja kwa moja: lithiamu inavuta kwa pupa, alteneta inaweza kuungua. Ukijumlisha na friji, kila kitu kilifika kama milioni mbili na nusu, kwa miezi mingi.

Kosa nililobakiza kidogo tu kulifanya lilikuwa baya kuliko yote: insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Chupa zilikuwa zimegusa ukuta wa friji. Sasa zinakaa katikati, zimeviringishwa kwenye taulo, pamoja na kipimajoto.

Mwezi uliopita tulilala Kondoa usiku wa nne mfululizo. Asubuhi Mama alifungua friji mwenyewe, akainama kusoma kipimajoto, akaniita kwa sauti mpaka shangazi akatoka nje: "Tano! Iko tano!"