Macho yangu yamesomwa

Leo nimeshiriki katika utafiti wa usomaji, ambapo kamera iliyowekwa chini ya skrini ilifuatilia mboni zangu kwa mwanga wa infraredi usioonekana, huku programu ya akili bandia ikichambua nilipotazama na kwa muda gani.

Kilichonishangaza ni ramani ya mwendo wa macho yangu niliyoonyeshwa baadaye.

Macho hayatiririki juu ya mstari. Huruka, hutua kwa takriban robo sekunde, na mara nyingine hurudi nyuma. Kwenye sentensi moja vituo vilirundikana, ingawa nilipoisoma (naapa!) sikuhisi ugumu wowote.

Kutokana na mpangilio huo, programu hukadiria msomaji amekwama wapi, jambo lililonivutia na kunitia wasiwasi kwa pamoja.

Je, ninyi mngekubali data ya macho yenu ihifadhiwe?