Dari ya chumba cha mwanangu

Mwezi wa tatu mwaka 2018 nilipanda ngazi ndogo ya jikoni nikiwa na skrepa mkononi nikaanza kukwangua dari ya chumba cha mwanangu, na mpaka leo nikisikia chuma kinapita juu ya kitu kikavu naacha ninachofanya nageuka kuangalia.

Nyumba iko Coventry, tuliinunua mwaka mmoja kabla, zile nyumba za kuungana za miaka ya 1930. Aliyeishi Uingereza dari ninayoisema anaijua. Zamani, hasa miaka ya 70, watu walikuwa wanapaka darini kitu kizito kama uji uliokaa, halafu kabla hakijakauka wanakichora kwa kitana au brashi, wengine mizunguko, wengine nusu duara zinazopandana kama magamba ya samaki, wengine wanakigongagonga na sponji kinatoka vincha vincha. Kilikuwa kinaficha nyufa na lipu mbovu, na wakati huo ilikuwa ndio fasheni. Wenyewe wanaiita Artex yote, hata kama haijatengenezwa na kampuni yenye jina hilo. Ya kwetu chumba cha mtoto ilikuwa magamba ya samaki, imegeuka manjano kwa moshi wa sigara wa mtu aliyekaa kabla yetu, utando wa buibui ukishika pale hautoki, ukiufuta kitambaa kinanasa na mkono unachubuka. Usiku taa ya korido ikiingia kwa pembeni kila gamba linatupa kivuli chake, na mwanangu, alikuwa na miaka minne, alikuwa anasema kuna samaki juu anamwangalia.

Sasa mama alikuwa anakuja kutoka Tanga baada ya Idi, mara yake ya kwanza kututembelea, na chumba hicho ndicho angelala yeye na mjukuu wake. Nilitaka akute pasafi. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kupiga deki mara mbili kwa siku, nikawa nawaza alale chali aangalie ule uchafu wiki sita, hapana. Siku hiyo nilikuwa nimetoka shifti ya usiku kazini, nafanya kazi nyumba ya wazee, baba watoto yuko barabarani na lori, mtoto yuko nasari, nikasema ngoja nijaribu kona moja nione kama inatoka.

Ikatoka. Vipande vinadondoka kama maganda na vumbi jeupe laini kama unga wa sembe linashuka taratibu, na mimi nikafurahi nikaendelea, sijafunga mdomo, sijamwagia maji, kitanda cha mtoto kiko pale pale chini nimekisogeza kidogo tu. Kama robo saa hivi. Nilipoacha kupumzisha mikono nikaangalia chini nikaona mto wake, foronya yenye picha za matrekta, yote nyeupe. Nimekwangua eneo la ukubwa wa sinia.

Nikampigia dada mmoja wa Kizimbabwe ninayefanya naye kazi, mume wake ni mtu wa ujenzi, nikitaka kumuuliza tu kuhusu rangi gani nipake. Nikamwelezea ninachofanya. Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, nyumba yako ya mwaka gani, na hiyo dari umeipima? Nikamwambia kuipima nini. Akasema shuka kwenye ngazi, usiwashe huva, usifagie, toka humo ndani funga mlango. Huva ya kawaida inavuta vumbi mbele inalitoa nyuma, nyuzi zenyewe ni nyembamba mno hazikamatwi na kichujio chake. Ndio akalitaja neno asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi waliyokuwa wanachanganya zamani kwenye vifaa vya ujenzi.

Nilienda kwenye faili la nyumba nikatoa ripoti ya saveya, yule mtu wa kukagua nyumba kabla hujanunua. Ukurasa wa kumi na kitu ulikuwa na sentensi moja, kwamba dari zina urembo wa zamani ambao unaweza kuwa na asbesto, upimwe kabla ya kuguswa. Nilikuwa nimeisaini ile ripoti.

Nilifanya alivyonielekeza. Nikavaa barakoa, nikaingia na chupa ya sprei ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikalowesha sakafu, kitanda, dirisha, nikafuta kila kitu na vitambaa vilivyoloa, nikavifunga kwenye mifuko miwili miwili pamoja na shuka, ule mto na nguo nilizovaa. Mlango nikaubandika tepu pande zote nne. Mtoto aliporudi nikamwambia leo tunalala wote chumba cha mama, akashangilia.

Kuna maabara unaziagizia mfuko wa kupimia kwa posta, unakuja na glovu, barakoa na vimfuko vya kufunga. Unalowesha kwanza sehemu unayotaka, unachukua kipande cha ukubwa wa kucha ya dole gumba, unakiweka mfuko ndani ya mfuko, pale ulipotoa unapaziba. Nikatoa vipande vitatu, sebuleni, koridoni juu na chumba cha mtoto. Majibu yalichukua siku nne na hizo siku nne sijui nilizipitishaje. Nilikuwa naamka usiku nasikiliza anavyopumua. Nilisoma kila nilichokikuta, kwamba hizo nyuzi zikiingia kwenye mapafu hazitoki, kwamba ugonjwa wake unaweza kuchukua miaka 20, 30, hata zaidi kujitokeza, na nikawa napiga hesabu, nne kuongeza thelathini, nafuta, naanza tena. Baba watoto aliponiambia vumbi la robo saa haliwezi kumuua mtu nikamjibu vibaya sana, nilimuomba msamaha baadaye.

Majibu yakaja kwa imeili. Sebuleni hamna. Koridoni na chumba cha mtoto ipo, krisotaili, ile wanayoiita asbesto nyeupe. Nyumba moja, dari zinafanana kwa macho, moja salama mbili sio, inaelekea zilipakwa miaka tofauti. Ya bluu na ya kahawia Uingereza walizipiga marufuku mwaka 1985, hii nyeupe ikaendelea mpaka 1999 ndio ikafungwa kabisa.

Nilimpeleka mtoto kwa daktari. Nashukuru sana yule mama, hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema hakuna kipimo cha leo kitakachoonyesha kitu, na kwamba wanaougua ni hasa watu waliovuta vumbi hilo kazini miaka na miaka, hatari ya siku moja kama ile ni ndogo mno. Akaandika kwenye faili la mtoto na faili langu tarehe na kilichotokea. Nilitoka pale nikakaa kituo cha basi nikalia mpaka basi mbili zikapita.

Fundi nilimpata kupitia watu wetu, kaka mmoja wa Mombasa, anafanya jipsam na lipu huku miaka mingi na amesomea hiyo kozi ya asbesto. Aliingia na barakoa yake, akaangalia ile kona.

"Dada, hapa palikwanguliwa pakavu?"

"Ndio. Ni mimi."

"Basi sikiza. Hii ikiwa imetulia juu haina neno na mtu. Shida ni kuichokoza. Mimi hapa siondoi kitu, twaifunika."

Akanipa sababu zake. Kuipiga skimu, yaani lipu nyembamba, juu kwa juu inawezekana kama imeshika vizuri, lakini yangu kuna sehemu imeanza kuachia na kona nimeshaiharibu, kwa hiyo bora kuifunika kwa bodi za jipsam. Kuitoa kabisa kunawezekana pia, kwa kuilowesha na kuilainisha, ila gharama yake na vurugu yake sikuwa na uwezo nayo. Kwanza akaipaka ile kona gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara mbili, mpaka ikawa kama ngozi. Nilichokipenda zaidi ni alivyotafuta boriti za kukazia hizo bodi. Kila anapotaka kutoboa anapuliza kifungu cha povu la kunyolea ndevu, linaning'inia pale darini kama maziwa ya mgando, halafu anatoboa katikati ya povu kwa drili ya taratibu, vumbi lote linanasa humo humo, anafuta kwa kitambaa kilicholoa anakitupa kwenye mfuko. Tundu moja, povu moja, kitambaa kimoja. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu nikamhesabia na sikuchoka.

Boriti zilikuwa kila baada ya kama sentimita 40. Bodi za jipsam za milimita 9.5, sita, kila moja ina kilo kumi na ushei, baba watoto anashika upande mmoja na upande wa pili wameuegemeza na mti wa umbo la T walioutengeneza kwa mabaki ya mbao. Baba watoto alikuwa amenunua skrubu fupi, fundi akazikataa, akasema hesabu, kuna bodi, kuna ile kitu ya zamani, kuna dari yenyewe, ndio ufike kwenye mbao, ukiweka fupi siku moja yamwangukia mtoto usingizini. Akaweka za milimita 60. Maungio akayabandika tepu ya wavu, akapiga skimu mara mbili, ile lipu ya huku ni ya pinki, ikiwa mbichi imekolea kama ndani ya pera lililoiva, inavyokauka inafifia, na mtoto kila asubuhi anaenda mlangoni kuangalia imebaki pinki kiasi gani. Wiki na kitu. Tukapaka rangi ya kwanza nyepesi tumeichanganya na maji, halafu nyeupe mbili. Kabla hajaondoka fundi akaniambia niandike karatasi niibandike ndani ya kabati la mita ya umeme, juu ya bodi za chumba hiki kuna asbesto, msitoboe, ili hata tukiuza nyumba ajaye ajue. Bado ipo pale.

Mama akaja mwezi wa saba. Usiku wa kwanza nikawa nimekaa kitandani kwake mtoto ameshalala, namweleza yote, maana nilikuwa sijamweleza mtu wa nyumbani. Amelala chali anaangalia dari, tambarare, nyeupe, haina hata kivuli. Nilipomaliza akaniuliza, "Hiyo asbesto, si ndiyo ile ya shuleni?"

Nikabaki nimemwangalia. Shule aliyofundisha mama miaka 26, na mimi nimesoma hapo hapo, paa lote lilikuwa la asbesto, yale mabati ya kijivu ya mawimbi. Nilikuwa naenda daktari, nalia kituoni, na hata siku moja sikulifikiria lile paa. Vipande vilivyovunjika tulikuwa tunaviokota, vilikuwa vinaandika vizuri kwenye saruji kuliko chaki, tunachora mistari ya mchezo kibarazani kisha tunaifuta kwa miguu.

"Ile imeshikana na saruji," nikamwambia, "haitoi vumbi ikiwa nzima."

"Nzima?" akasema mama. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. "Walipobadilisha paa walitugawia walimu. Mabanda ya kuku mtaa mzima ni hayo. La kwetu kaka yako alilikata kwa msumeno."

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia sauti yake jikoni. Alikuwa ameshaswali, amekaa na shungi lake, simu ameishika mbele ya uso, Tanga ilikuwa saa moja asubuhi, anaongea na kaka kwa ile sauti ya darasani. Banda lisivunjwe. Vipande vilivyolala pale nyuma asiviguse mtoto, avimwagie maji, avifunike na turubai mpaka yeye arudi. Na msumeno, hapana, msumeno asiuguse tena. Alafu akamwambia aende kwa majirani mmoja mmoja, aanze na wenye watoto wadogo.

"Andika," akamwambia. "Chukua kalamu, nasubiri."