Mkunga ni mmoja, kitanda ni kingine: kupanga mahali pa kuzalia ukiwa na mimba ya hatari

"Musawo, wameniambia mimba yangu ina hatari. Basi siwezi tena kuzalia kwa mkunga wangu?" Swali hili wahudumu wa afya, ndio hao musawo, huulizwa kliniki za wajawazito Uganda kuanzia Koboko mpaka Busia, na ndani yake yamefungwa mambo mawili ambayo yafaa yafunguliwe. Kuna mkunga, na kuna kitanda. Hatari mara nyingi hubadilisha kitanda. Mkunga si lazima abadilike.

Tunapenda kudhani kwamba kituo cha kuzalia kinachoendeshwa na wakunga ni jambo la Ulaya. Kituo chetu cha afya cha daraja la tatu ni hicho hicho: wakunga ndio wanaopokea, ndio wanaozalisha, na usiku mara nyingi ndio peke yao waliopo. Kikiwa kimetimia kina oksitosini ya kukaza mji wa mimba, magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, dripu na mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Hakina thieta, yaani chumba cha upasuaji, wala damu. Daraja la nne linatakiwa liwe na vyote viwili, pamoja na daktari. Nasema "linatakiwa" kwa makusudi. Kabla hujapanga kuzalia huko, uliza: daktari analala karibu? Mtu wa dawa ya usingizi yupo wikendi? Friji ya damu ina damu wiki hii? Thieta isiyo na mtu wa usingizi ni chumba chenye taa nzuri tu.

Mwaka 2013 Australia walichapisha jaribio la wanawake zaidi ya 1,700, wenye hatari na wasio na hatari wakiwa pamoja. Kundi moja walipewa mkunga wao wa kuwafuata tangu kliniki mpaka baada ya kuzaa, kundi la pili wakapata huduma ya kawaida. Idadi ya upasuaji haikutofautiana sana, usalama ulilingana, gharama ikashuka kwa wale wenye mkunga wao. Lakini wanawake wale walizalia hospitali. Mkunga aliwafuata huko. Matokeo mazuri ya vituo vya wakunga vilivyo mbali na hospitali yametoka hasa kwa wenye mimba za kawaida, kama ule utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2011. Kuyachukua na kumvisha mama mwenye makovu mawili ya upasuaji ni kumshonea nguo kwa vipimo vya mtu mwingine.

Ukitaka kujua kama kituo fulani kinakufaa, hesabu saa kabla ya kuhesabu kilomita. Wakunga hufundishwa makadirio ya zamani ya muda unaobaki, kwa wastani, mama asipotibiwa: akitoka damu nyingi baada ya kuzaa, saa 2. Mji wa mimba ukipasuka, siku 1. Kifafa cha mimba, siku 2. Mtoto akikwama njiani, siku 3. Kwa mtoto hesabu ni nyingine: mji wa mimba ukipasuka, yeye amebakiwa na dakika. Kwa hiyo damu ya baada ya kuzaa lazima ianze kutibiwa hapo hapo ulipo. Kifafa cha mimba kinaweza kusafirishwa, ila dozi ya kwanza ya magnesiamu itangulie. Kupasuka kwa mji wa mimba hakusafirishwi. Unatakiwa uwe umeshafika kwenye thieta kabla hakujatokea.

Hii ndiyo sababu mama mwenye kovu la upasuaji hazalii daraja la tatu, hata kama mkunga wa pale ni hodari na hata kama mtoto wa pili alitoka kawaida. Kati ya wanawake 200 wenye kovu moja la kulala, chini ya mji wa mimba, wanaojaribu kuzaa kawaida, kovu huachia kwa kama mmoja. Namba ni ndogo, na ndiyo maana hospitali nyingi humruhusu ajaribu. Ila yule mmoja anahitaji thieta sasa hivi, si baada ya ambulensi kutafutiwa mafuta.

Kosa linalorudiwa mno ni kusoma kovu la ngozi. Watu huona mstari uliolala chini ya kitovu wakasema, "Hili ni zuri, atazaa." Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala na mji wa mimba kwa kusimama, au kinyume chake. Kinachojibu ni karatasi ya kutoka hospitali ya upasuaji ule: mji wa mimba ulikatwa wapi, kwa sababu gani, tarehe gani. Sababu ikiwa ni mtoto kukaa vibaya, huenda safari hii isijirudie. Ikiwa nyonga ilimkataa mtoto wa kilo 2.8, jiandae kwa upasuaji mwingine. Muda kati ya upasuaji na kuzaa tena ukiwa chini ya miezi 18, kovu halijapata nguvu zake. Makovu mawili au zaidi, au mkato wa kusimama: panga upasuaji mapema, usingoje uchungu.

Na tuseme wazi: mitishamba ya kuharakisha uchungu, mumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) ikiwemo, haina kipimo, na tumboni mwa mwenye kovu ni sawa na oksitosini iliyofunguliwa bila mtu wa kuiangalia. Ssenga, yaani shangazi, anaileta kwa mapenzi. Mwambie asante, kisha uiweke chini. Maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, damu ukeni, kichwa kilichokuwa kimeshuka kikapanda, moyo wa mtoto kushuka: lolote kati ya hayo kwa mwenye kovu halingojewi kupimwa mara ya pili.

Presha ina njia nyingine, na hapa mkunga wa karibu ana kazi kubwa kuliko mtu yeyote. Anza na kipimo chenyewe. Mama akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asiwe anaongea. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba za uongo. Betri zinazokufa nazo zina uongo wake. Ukipata 140/90 baada ya wiki 20, rudia baada ya saa 4 na upime mkojo. Ukipata 160/110, rudia baada ya dakika 15, na ikibaki hapo anza dawa: nifedipini mg 10 ya kumeza, si ya kuweka chini ya ulimi, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 30.

Mama mwenye presha kali na protini kwenye mkojo, au anayeumwa kichwa kisichosikia dawa, anayeona vimulimuli, mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, hapandishwi gari kabla ya magnesiamu. Ampuli nyingi ni za 50%, ml 10 zenye gramu 5. Kwa mshipa: vuta ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano, upate ml 20 zenye gramu 4, uzichome polepole, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 5 kila kalio, pamoja na ml 1 ya lignokeni ya 2%, dawa ya ganzi, katika kila sindano. Jumla gramu 14. Makosa ni yale yale: kuingiza ya 50% mshipani bila kuichanganya, au kuchoma ya mshipa peke yake na kumsukuma garini, wakati gramu 4 hizo zinaisha nguvu njiani. Mume au mama mkwe anayesindikiza anaruhusiwa kuuliza, "Musawo, makalio yote mawili yamechomwa?" Dozi inayofuata ni gramu 5 kila saa 4, endapo anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti bado linaruka likigongwa, na mkojo haujashuka chini ya ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu iliyozidi, gramu 1, iwe imeshawekwa kwenye trei. Kuitafuta pumzi zikishapungua ni kuchelewa.

Aliyewahi kupata kifafa cha mimba asije kliniki wiki ya 24. Aje kabla ya wiki ya 16, kwa sababu aspirini ya mg 75 kila siku hufaa ikianzwa mapema. Kalsiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku humfaa anayekula maziwa na dagaa kidogo.

Mapacha: hospitali, na utrasaundi mapema ya kuonyesha kama wana kondo moja au mawili. Tahadhari moja inamhusu kila mkunga, hata kwa mimba anayodhani ni ya mmoja: kabla ya kuchoma oksitosini baada ya mtoto kutoka, papasa tumbo. Mji wa mimba ukikaza na mwenzake yumo ndani, umemfungia mlango.

Waliozaa mara tano na kuendelea ni wengi nchini, na hatari yao kubwa ni damu. Anayezalia kituoni ahakikishe kuna oksitosini iliyokaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, si kwenye dirisha la dawa. Damu ikitoka kupita kiasi, asidi traneksamiki, dawa ya kuizuia, gramu 1 ichomwe ndani ya saa 3 tangu kuzaa. Na damu ikusanywe kwenye kavera (mfuko wa plastiki) yenye vipimo badala ya kukisiwa kwa macho; jicho la aliyechoka huona nusu ya kilichomwagika.

Kuwa na VVU peke yake hakumtoi mama kituoni. Anameza dawa vizuri, virusi vimeshuka, azae kwa mkunga wake, mtoto apewe dawa yake pale pale. Selimundu ni kinyume: huyo ni wa hospitali yenye damu, tangu kliniki ya kwanza. Wekundu wa damu (himoglobini) ukiwa chini ya 7, vivyo hivyo.

Sasa safari. Wiki ya 36, kaa na mkunga wako muandike barua ya rufaa mapema, ukiwa bado huna uchungu. Iwe na kundi la damu, presha za kliniki zote, hali ya kovu, dawa ulizopewa pamoja na saa ya kila dozi, na namba ya simu ya mkunga mwenyewe. Wodi ya wazazi ya hospitali ikipokea barua ya namna hiyo, humpigia. Hapo ndipo mkunga anakuwa amekufuata, hata bila kupanda gari. Kuanzia wiki ya 37 hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kungojea kama ipo. Weka akiba ya gari ya usiku, kwa sababu ambulensi ya wilaya inaweza kuwepo bila mafuta, na boda boda haimbebi mtu aliyedungwa magnesiamu. Mwenye dripu alale ubavu wa kushoto, na mkunga mmoja apande naye.

Ukitoka hospitali usirudi nyumbani moja kwa moja na kunyamaza. Presha mara nyingi hupanda juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, wakati mama ameshaondolewa wodini na wageni wanakuja na sukari. Siku ya tatu nenda kituoni kwa mkunga wako, mpe karatasi ya hospitali, akupime. Kichwa kikianza kuuma kabla ya hapo, nenda siku hiyo hiyo.