Baraka amefika, baraka zimefika

Mwaka wa kwanza nilipopewa Darasa la Tatu hapa Tanga, nomino za kawaida na za pekee nilizifundisha kama nilivyofundishwa mimi: ya pekee huanza na herufi kubwa, basi. Wakaitikia "ndiyo mwalimu." Madaftari yalipokuja, nikakuta Embe, Kuku, na mmoja ameandika Mama kila mahali. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama ni mkubwa."

Kosa lilikuwa langu. Herufi kubwa ni kazi ya jicho, na mtoto wa umri ule bado anahangaika na mwandiko. Sikio lake ndilo lililokomaa, Kiswahili amekinyonya nyumbani. Nikaanzia huko.

Nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Baraka. Nikamsimamisha mlangoni, nikasema, "Leo baraka zimefika." Darasa zima kicheko. "Amefika, mwalimu!" Na mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu? "Hapo ndiyo zimefika." Nikaandika sentensi zote mbili ubaoni kwa herufi ndogo, isipokuwa "Leo", maana neno la kwanza lina herufi kubwa yake hata likiwa kuku. Nikampa Baraka chaki achague iliyo yake. Akaenda moja kwa moja kwenye "amefika", akafuta b ndogo kwa kiganja, akaweka kubwa, kaikandamiza mpaka chaki ikakatika.

Kesho yake tukaingia kwenye tanga. Wengi ni watoto wa wavuvi wa Sahare, tanga la ngalawa wanalijua mpaka viraka vyake. Tanga la babu limechanika, likiongezwa la jirani ni matanga. Je, mji wetu nao una wingi? Wakakataa. Mmoja akasema matanga ni ya msibani. Nikamwambia hayo nayo ni ya kawaida, tukaendelea. Neno mto na jina Zigi, mto wa hapa kwetu Tanga, hayakuchukua hata dakika mbili.

Nilijiona nimemaliza, hadi binti mmoja wa nyuma aliponyoosha kidole: "Mwalimu, humu Neema wako wawili. Upekee uko wapi?"

Nikawasimamisha wote wawili, nikaanza kueleza kwamba tukisema "mtoto" ni yeyote humu ndani, ila tukisema "Neema"... Hawakuningoja. "Ndiyo maana ukiita mahudhurio unataja na baba zao!"

Nikageukia ubao, nikayaandika majina yote mawili pamoja na ya baba zao.